Mwanangu, simu yangu iache ilie

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi tu wazima, na tumefurahi mno kusikia kwamba sasa umekabidhiwa ekskaveta, ule mtambo wa kuchimbia, baada ya kipindi kirefu cha kuwa msaidizi wa opereta. Nimeamua kukuandikia barua badala ya kukupigia, kwa kuwa jambo linalonikosesha raha linahusu simu yenyewe, na ningependa ulisome ukiwa umetulia na mtambo umezimwa.

Mara kadhaa nimekupigia ukapokea huku nikisikia injini ikinguruma, nawe ukaniambia, "Sema tu mama, nakusikia." Najua ulipokea kwa heshima, maana umelelewa kujua kwamba mzazi akiita huitikiwa. Leo nakuondolea wajibu huo: ukiwa umekaa kwenye kiti cha mtambo, simu yangu iache ilie, na katu sitasema kwamba umenidharau.

Ekskaveta ya tani 20 inaweza kugeuka nusu duara kwa muda wa sekunde tatu hivi, na inapogeuka, ule uzani wa chuma ulioko nyuma yake hupita mahali ambapo wewe uliye kibandani huoni vizuri. Sekunde hizo hizo zinamtosha mtu kuchomoa simu mfukoni na kusoma jina la anayepiga. Wakati huohuo kibarua aliyekuwa amesimama mbali anaweza kuwa amesogea kuokota koleo lake, akiamini kwamba unamwona kwa sababu mlitazamana punde tu, asijue kwamba macho yako yameshuka mapajani. Mwenzako wa foklifti naye, yule wa gari la kuinulia mizigo, hata akienda kilomita 10 tu kwa saa, huwa amekwenda mita 11 katika sekunde nne za kusoma ujumbe mfupi.

Huenda ukanijibu kwamba unatumia vipokea sauti vya masikioni na mikono yako yote iko kwenye vishikizo. Hapo ndipo ninapotaka tuelewane vizuri, kwa sababu wengi wanaoacha kushika simu hudhani wameshaiepuka hatari. Uchunguzi uliofanywa kwa madereva umeonyesha kwamba mtu anayezungumza kwa simu anaweza kuelekeza macho kwenye kitu kilicho mbele yake na bado asikitambue, hata kama mikono yake ni mitupu, kwa kuwa akili imezama katika mazungumzo. Mtu aliye kando yako angenyamaza mara tu aonapo hatari. Mimi niliye upande wa pili wa simu sioni chochote, naendelea tu kukusimulia habari za mdogo wako. Isitoshe, katika kazi yako masikio nayo yana kazi: kuna sauti ya mpiga ishara, kuna mlio wa lori linalorudi nyuma, kuna pampu ya haidroliki inayoanza kulia tofauti na kawaida yake. Ukiyaziba, umejinyima onyo ambalo macho hayawezi kukupa.

Tarehe 12 Septemba 2008, huko Chatsworth, California, treni ya abiria ilipita taa nyekundu na kugongana uso kwa uso na treni ya mizigo, wakafa watu 25 pamoja na dereva wa treni ya abiria, na uchunguzi ukabaini kwamba dereva huyo alikuwa akiandikiana ujumbe kwa simu. Watu husema huo ni uzembe wa dhahiri. Lakini lipo tukio jingine ambalo hunisumbua zaidi. Mwezi Julai 2013, karibu na Santiago de Compostela nchini Hispania, treni iliingia kwenye kona iliyotakiwa kupitwa kwa kilomita 80 kwa saa ikiwa na mwendo wa zaidi ya mara mbili ya huo, na watu wasiopungua 79 wakapoteza maisha. Dereva alikuwa ametoka kuzungumza kwa simu na mfanyakazi mwenzake wa treni hiyohiyo, kuhusu mambo ya safari, na simu ilikuwa imekatwa sekunde chache tu kabla. Haikuwa simu ya porojo, mwanangu, ilikuwa simu ya kazi.

Ndiyo maana msimamizi akikupigia ukiwa unachimba, usipokee eti kwa kuwa ni bosi. Mwombe kwa adabu, mapema na si wakati wa purukushani, kwamba akikuhitaji amtume mpiga ishara akusimamishe. Kanuni za kreni za mwaka 2010 huko Marekani zinamkataza opereta kutumia simu akiwa kazini kwenye mtambo, isipokuwa pale simu hiyo inapotumika kupokea ishara za kazi yenyewe, na mimi naona mpaka huo umewekwa mahali pake. Simu ikibidi, teremsha ndoo hadi iguse ardhi, funga vishikizo, zima injini, ushuke na usimame mahali salama. Ukimaliza kuzungumza usikimbilie kuwasha. Upe moyo nafasi ya kutulia, hasa ukiwa umepokea habari nzito.

Tena usiiweke mfukoni, hata ikiwa kimya, kwa maana mtetemo peke yake hukufanya uanze kuwaza ni nani na anataka nini. Iache kwenye mkoba au kabatini hadi mapumziko.

Kwa upande wetu, nimeshazungumza na baba yako na wadogo zako: jambo la kawaida tutakuandikia ujumbe, usome utakapopata nafasi. Likitokea la dharura tutapiga ofisi ya eneo la kazi, nao watakusimamisha. Basi naomba unitumie namba ya ofisi hiyo pamoja na saa zenu za mapumziko, nizibandike ukutani ili kila mmoja hapa nyumbani azijue.

Ni mimi mama yako akupendaye.