Risala ya Kikundi cha Uigaji wa Ukataji wa Mabati kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Ufundi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kuitikia mwaliko wetu pamoja na majukumu mazito uliyonayo.

Kikundi kilianza na wanafunzi wanne na panchi moja iliyochakaa, yaani chuma cha kutobolea bati. Leo tuko 11, na tunathubutu kusema tumeleta mapinduzi katika karakana hii: milango ya majiko tunayotoboa haikati tena vidole. Zamani kila tundu lilitoka na ukingo wenye meno. Kompyuta ikatuonesha kwamba mwanya kati ya panchi na dai, yaani chuma cha chini chenye tundu ambamo panchi huingia, ni mpana mno. Kwa bati la milimita 1.5 tukaupunguza kutoka milimita 0.4 hadi 0.15, ufa unaoanzia juu ya bati na ule unaoanzia chini ukakutana, tundu likatoka safi. Majiko yenyewe ni saba, lakini hakuna mnunuzi aliyerudi kulalamika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utuwie radhi, hapa tutakawia kidogo.

Kuiga ukataji ni kuligawa bati ndani ya kompyuta kuwa vipande vidogo vidogo, kisha kukokotoa kila kimoja kinavyovutika hadi kichanike. Kanuni ya mchaniko tunayotumia ni ya Johnson na Cook ya mwaka 1985. Programu yetu, OpenRadioss, ni ya bure tangu 2022, kwa hiyo hatuombi hela ya leseni. Kinachotukwamisha ni kompyuta. Ukivipunguza vipande kwa nusu pande zote tatu, idadi yake inakuwa mara 8. Hatua za muda, yaani vipande vya muda ambavyo kompyuta inakokotoa kimoja baada ya kingine, nazo zinafupika kwa nusu, na kazi inafika mara 16. Nasi tunategemea laptopu ya mwenzetu mmoja, memori GB 4, betri ilishakufa. Mwezi uliopita tuliiwasha Ijumaa jioni. Jumapili alfajiri, panchi ikiwa imebakiza kidogo tu kulitoboa bati, LUKU ikaisha.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi, akiwa amekaa kiti hicho hicho, alituahidi kompyuta "kabla ya mwezi kwisha". Tulipiga makofi sana. Hakutaja mwezi gani, na sisi kwa adabu hatukuuliza. Wa mwaka jana alisema analifanyia kazi, akatuachia kalenda za ukutani. Tunazishukuru, zimetusaidia kuhesabu siku.

Tunaomba kompyuta moja, yenye memori GB 64 na kifaa cha kuhifadhi umeme. Meza yake tuliichomelea wenyewe, na soketi ipo. Kwa leo imebeba chupa za chai; utaiona ukielekea kwenye viburudisho. Mwenyekiti wetu atakuwa amesimama hapo na karatasi ya vipimo, pamoja na kalamu, endapo utapenda kuandika tarehe.

Karibu sana chai, Mheshimiwa.

Ni sisi,
Wanakikundi