Shule zetu za Kikatoliki, turudishieni watoto Jumamosi asubuhi

Ndugu Mhariri,

Tumsifu Yesu Kristu. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo wazazi wengi tunalilalamikia kwenye grupu la wasapu la shule usiku kucha, halafu siku ya kikao hakuna anayenyoosha mkono. Ni habari ya Jumamosi asubuhi. Hizi shule zetu za msingi za Kikatoliki, hasa huku Dar, nyingi zimeichukua Jumamosi asubuhi kwa ajili ya tuisheni, na Jumamosi asubuhi ndo muda wa jumuiya. Yaani shule ya Kanisa inamtoa mtoto kwenye sala ya mtaani kwao ili akafanye jaribio la hesabu. Na mimi sina ugomvi na hesabu.

Kwa msomaji asiye Mkatoliki nieleze kidogo. Jumuiya ndogo ndogo ni kaya za jirani jirani, zinakutana nyumba kwa nyumba kwa zamu. Wengine wanadhani ni mambo ya wamisionari wa zamani, hapana, ni uamuzi wa maaskofu wetu wenyewe wa ukanda huu, AMECEA, walipokaa Nairobi mwaka 1973 na wakaja kuukazia tena mwaka 1976, kwamba Kanisa liishi kule kule watu wanakoishi na wanakojuana. Hapa mjini wengi tunakutana Jumamosi mapema sana, saa kumi na mbili na nusu Rozari imeshaanza, kwa sababu baada ya hapo huyu anawahi kufungua duka, yule ana zamu hospitali, mwingine anaenda msibani. Inasomwa Injili ya kesho yake, watu wanasema imewagusa wapi, kikapu cha sadaka kinapita, halafu yanakuja matangazo: nani anaumwa, nani kajifungua, nani kafiwa na tunaenda saa ngapi, na nani hajarudisha bahasha ya zaka (hapo utaona watu wote wanaangalia mikeka).

Mtoto akikaa pale hata kama anasinzia kuna vitu vinamwingia. Kwetu kuna mzee fundi cherehani, macho yameshapungua nguvu, kila akipangiwa somo anaita mtoto mmoja amsomee. Biblia anaishika mwenyewe, hamwachii mtoto, mtoto anasimama ubavuni kwake anasoma, neno likimshinda mzee analitaja bila kuangalia kwa sababu lile somo analo kichwani tangu zamani. Watoto walikuwa wanagombania kuitwa na yule mzee. Siku hizi wanaokuja ni wawili watatu, na ukiuliza wanasoma wapi utaambiwa shule ya Serikali hapo jirani, ambao nao wakifika la saba wana makambi yao na hatuwaoni tena. Wale wanaosoma kwa masista, ambao wazazi wao wanalipa mamilioni ili wakue kwenye imani, hao hawapo. Wako kwenye gari la shule.

Sasa mtu atasema Jumamosi ni siku moja tu, si wana siku nyingine. Zipi? Mtoto wa darasa la tatu anaamshwa saa kumi na nusu usiku, gari linapita saa kumi na moja na nusu, anapanda amelala, dada wa gari anamfunga mkanda amelala, na chai anainywa shuleni. Jioni na foleni ya Morogoro Road anashushwa getini saa kumi na mbili, siku nyingine saa moja, kuna kuoga, kuna kula, kuna homuweki ya masomo matatu ambayo kusema kweli anaifanya mama. Hapo Rozari ya familia utaiweka wapi? Mtoto anasema Baba Yetu nusu, nusu nyingine anaimalizia ndotoni. Jumapili ni Misa, ni kufua sare, ni kusuka au kunyoa. Jumamosi asubuhi ndo ilikuwa imebaki.

Wazee wetu wanatuambia wao walisoma shule za misheni na hawakuwa na tatizo hili. Ni kweli, ila wasisahau zilikuwaje. Kabla ya Serikali kuzitaifisha kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule ya msingi ya misheni ilikuwa ubavuni mwa kanisa, mwalimu ndiye katekista au ndugu yake, mwenzako wa darasani ndiye unayekutana naye kisimani na ndiye mliyebatizwa siku moja. Shule, parokia na kijiji ni watu walewale. Hizi za sasa za inglishi midiamu zimekuja baadaye, na zinakusanya watoto kutoka Kibamba, Goba, Tabata, Ukonga, kinachowaunganisha ni uwezo wa wazazi kulipa ada. Silaumu, ndo mji ulivyo. Lakini ukishakuwa na shule ya namna hiyo huwezi kujifanya shule yenyewe ndo jumuiya ya mtoto. Mtoto akifiwa na baba yake, Mungu apishe mbali, shule italeta gari na rambirambi na wenzake wataimba vizuri sana, kisha watarudi. Watakaolala pale msibani, watakaopika, watakaorudi siku ya arobaini ni wale wa mkekani ambao mtoto hawajui majina.

Na masista wanafanya kazi, hilo niliseme wazi wasije wakanikasirikia. Shuleni kuna Misa, kuna Malaika wa Bwana saa sita mchana, mwezi wa kumi wana Rozari yao, wana Utoto Mtakatifu. Hili shirika la Utoto Mtakatifu ni la tangu 1843, lilianzishwa na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy kule Ufaransa, na wazo lake ni zuri mno, watoto kuwasaidia watoto wenzao kwa sala na sadaka ndogo. Mwanangu ana skafu yake anaithamini kuliko viatu. Ila na lenyewe likiishia shuleni tu, sadaka yake inakuwa hela aliyopewa na baba asubuhi akaitumbukiza kwenye kopo. Wakati mtaani kwetu kuna mtoto wa rika lake ana miezi haendi shule kwa sababu ya mguu, jumuiya tunamtembelea, na huyu wangu mwenye skafu hajawahi kufika pale kwa sababu tunaenda Jumamosi.

Njoo kwenye Komunyo ya Kwanza. Papa Pius wa Kumi mwaka 1910 aliushusha umri ukawa kama miaka saba, akitaka watoto wasicheleweshwe. Ukisoma sheria ya Kanisa, kanuni ya 914, inasema wajibu wa kumwandaa mtoto ni wa wazazi kwanza, halafu wachungaji. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulishalisema kwenye tamko lake la elimu la tarehe 28 Oktoba 1965, wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu. Siku ya ubatizo tuliulizwa mbele ya watu kama tunaujua wajibu wetu tukajibu tunaujua. Sasa kinachofanyika ni nini? Shule inafundisha, shule inawapima, shule inapanga tarehe, mzazi anapokea meseji ya mchango: gauni au suti nyeupe, mshumaa, picha, chakula. Sisi tunahangaika na keki. Mtoto anapokea, anajua Amri za Mungu na za Kanisa kwa mpangilio, ukimuuliza mwenyekiti wa jumuiya yake ni nani anakutajia mwalimu wa darasa.

Halafu inakuja zamu ya Kipaimara, kijana keshamaliza la saba yuko sekondari, mama anamtuma na fomu kwa mwenyekiti ili aisaini, na mwenyekiti, ambaye nyumba ziko geti kwa geti na hao watu, anaishika ile fomu na kumuuliza kijana kwa upole kabisa, wewe ni mtoto wa nani mwanangu? Mwenyekiti anayesimuliwa hapo ni mume wangu. Alisaini. Ila alikaa na ile kalamu mkononi muda mrefu, maana pale kwenye fomu pameandikwa athibitishe ushiriki.

Shule zikiulizwa zinajibu ufaulu, wazazi ndo mnadai. Na wana haki ya kusema hivyo, tuko wazazi ambao mtoto akiwa wa nne darasani tunaomba kuonana na mwalimu mkuu. Baraza la Mitihani lilishaacha kutangaza shule kumi bora kitaifa lakini mabango bado yamejaa barabarani, A ngapi, nani kaenda shule ya vipaji, na shule ya Kikatoliki isiyokuwa na bango inaona wazazi watahamia ya jirani. Tuisheni yenyewe inalipiwa pia, tusifichane, na zile hela kuna walimu zinawasaidia. Naelewa yote. Ila darasa la pili anasoma tuisheni ya Jumamosi ya nini? La saba wana mtihani wa Taifa mwezi wa tisa, sawa, la nne nao wana upimaji wao. Hao wengine wanakimbizwa na nani?

Mwaka 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne isipokuwa kwa kibali maalumu, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba mtoto mdogo anakosa kushikamana na familia yake. Wamiliki wengi walilalamika, na baadhi yao ni wa kwetu Kanisani. Mimi niliona Serikali imesema maneno ambayo angepaswa kuyasema paroko. Sasa watoto wamerudi nyumbani, wanalala nyumbani, lakini kwa hii ratiba ya siku sita nyumbani pamekuwa kama bweni la kulala tu, tofauti ni kwamba matroni ni mama yao.

Na hili si la Wakatoliki peke yetu. Shule hizi zina watoto wa kila dini na ni jambo jema, ndivyo tunavyoishi nchi hii. Mama mmoja Mwislamu tunayekaa naye kituoni kusubiri gari aliniambia mwanawe ameachwa nyuma na wenzake madrasa kwa sababu ya Jumamosi hizi hizi, ustadhi kamuuliza mpaka amechoka kujibu. Na Wasabato je? Kwao Jumamosi ndo siku yenyewe ya Bwana, mtoto anaandikiwa hakuhudhuria wakati yuko ibadani na wazazi wake, halafu sisi tuna mashairi ya kuheshimu dhamiri yaliyobandikwa ukutani kwenye ofisi ya mapokezi.

Ninachoomba si kikubwa. Madarasa ya chini yasiwe na Jumamosi kabisa. La nne na la saba wakishindikana basi waanze saa nne, jumuiya inakuwa imeisha na chai imenywewa, na mtoto wa Kisabato asilazimishwe wala asikatwe maksi. Mafundisho ya Komunyo shule iendelee kufundisha, ila mtoto aje na karatasi ya jumuiya yake kama anavyokuja na cheti cha ubatizo, na mzazi akae kwenye baadhi ya vipindi, akae kweli siyo kumtuma dada wa kazi. Na ofisi za elimu za majimbo, ambazo shule hizi ziko chini yake, zitoe mwongozo mmoja, kwa sababu shule moja ikiacha peke yake itaogopa ile yenye bango. Paroko anajua ratiba ya jumuiya zake zote, mwalimu mkuu ana namba ya paroko.

Kikao cha wazazi shuleni kwetu kimetangazwa juzi kwenye grupu, ajenda ni ada, gari na mahafali. Kimepangwa Jumamosi saa moja asubuhi. Nitakuja, na safari hii mkono nitanyoosha, ila nitachelewa, jumuiya siku hiyo iko kwangu.

Mama wa watoto watatu,
Kimara, Dar es Salaam