Raundi ya kwanza ya mashindano ya chess kesho: namna ya kufuatilia

Habari za jioni, wanakikundi.

Mnaokwenda ukumbini, zimeni simu kabisa. Kuiweka kimya haitoshi. Kanuni za FIDE, shirikisho la chess la dunia, zinakataza yeyote kutumia simu eneo la mchezo bila ruhusa ya mwamuzi. Ukiona kosa mezani, mwambie mwamuzi tu. Hata kumkonyeza mchezaji ni kuingilia mchezo.

Mnaobaki nyumbani, matangazo yanacheleweshwa dakika 15 makusudi, ili asitokee mtu wa kumrudishia mchezaji hatua nzuri zilizopendekezwa na kompyuta. Mtandao wenu hauna tatizo.

Kila mchezaji ana dakika 90 kwa hatua 40 za kwanza, kisha dakika 30 za nyongeza, na huongezewa sekunde 30 kila hatua tangu ya kwanza. Hapo hatua ya 40 inaweza kufika baada ya saa tatu na dakika 40. Kama huna nafasi ya kutazama yote, ingia kuanzia hatua ya 30. Ndipo muda hubana na wakubwa nao huboronga.

Mbao za umeme, zinazotuma hatua moja kwa moja kwenye matangazo, zina vituko vyake. Mchezo ukiisha, wafalme huwekwa katikati ili kuonyesha matokeo: wakiwa kwenye miraba ya e4 na d5, Nyeupe kashinda, d4 na e5, Nyeusi, e4 na e5, sare. Wakati mwingine programu huhesabu hiyo kama hatua halali, halafu mnaanza kupiga kelele humu "mfalme kaenda wapi!" Subirini matokeo rasmi kwanza, tafadhali.