YAH: KUTOZWA BEI YA ONLEI YA KAURI NA KUZIBWA JINO KWA KOMPOZITI

Uyole, Mbeya
14 Julai 2025

Meneja,
Kliniki ya Meno,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Gego langu la chini kulia lilipasuka na kona moja ikaanguka. Mimi nauza mchele Mwanjelwa, na mzigo wa mpunga ukishuka tunajua kama umekauka kwa kung'ata punje. Bila gego nanunua kwa kubahatisha, ndiyo maana sikutaka kuziba kwa bei rahisi. Daktari wenu alinieleza vizuri, na kwa maelezo yake sina ugomvi naye: tundu likiwa katikati ya vinundu vya gego huwekwa inlei, yaani kipande kinachotengenezwa nje ya mdomo, kinundu chenyewe kikivunjika huwekwa onlei inayokifunika, na jino halichongwi sana kama la kuvalishwa kofia. Akasema yangu itakuwa ya kauri, itatengenezwa maabara. Nikalipa shilingi 450,000. Risiti yenu ya EFD imeandikwa "onlei ya kauri, 1".

Nilichofanyiwa ni hiki. Nilichomwa ganzi, jino likachongwa, kisha daktari akaweka dawa laini kidogo kidogo, kila tabaka akilimulika kwa taa ya bluu. Akasugua juu, akanipa karatasi ya rangi ning'ate, akasugua tena, nikaruhusiwa kwenda. Hakuna aliyenijaza mdomoni ule ujiuji wa kuchukulia umbo la meno. Sikuwekewa kizibo cha muda wala kupangiwa siku ya kurudi. Onlei ya maabara haipatikani hivyo. Lazima umbo lichukuliwe, fundi atengeneze kipande huko kwake, nawe urudi kibandikwe kwa simenti ya meno.

Nilipopiga simu, dada wa mapokezi alinijibu kuwa siku hizi kuna mashine inamaliza kazi siku hiyo hiyo. Sibishi, mashine hizo zipo. Zürich, Uswisi, zilitumika kwa mgonjwa tangu 1985. Lakini hata hizo zinaanza kwa kamera kupiga picha za jino mdomoni, kompyuta ichore, ndipo kipande cha kauri kichongwe. Mimi kamera sikuiona. Mashine pekee niliyoisikia siku ile ilikuwa jenereta yenu, maana umeme ulikatika.

Haikuchukua muda nyama ikaanza kunasa pembeni ya jino hilo, na uzi wa kusafishia meno ukipita hapo unachanika. Nilipopeleka mzigo Iringa nikaingia kwa daktari mwingine. Alilipuliza jino hewa mpaka likakauka, akalipiga picha, akanionyesha kwenye kioo: ukingo umeachia, mstari wa kahawia unazunguka upande wa ndani, na fizi ya hapo imevimba. Akaniambia hiyo ni kompoziti, yaani ile dawa laini inayogandishwa kwa taa, iliyowekwa moja kwa moja, si kauri. Kompoziti hunywea inapoganda, na tundu likiwa kubwa ule mnyweo unavuta kingo. Kipande cha kauri kinaingia mdomoni kikiwa kigumu tayari. Kinachoganda humo ni simenti kidogo tu.

Sisemi kompoziti ni mbaya. Watu wengi wanayo na wanakula nayo makande vizuri tu. Lakini mchele wa Mbarali nao si mbaya, ila nikiufunga kwenye kiroba nikauuza kwa jina na bei ya Kyela, mteja akirudi sitamwambia kwamba wote ni mchele.

Ubao wenu wa bei pale mapokezi unaonyesha kuziba gego kwa kompoziti ni shilingi 70,000. Nadai tofauti yake, shilingi 380,000, irudi kwenye namba ile ile niliyolipia. Nataka pia nakala ya eksirei yangu na ya karatasi za matibabu, kwa sababu daktari atakayelifungua jino hili anahitaji kujua tundu lilifika wapi. Na daktari wenu aandike, kwa sahihi yake, ni dawa gani aliyoiweka. Kurudia kazi hiyo kwenu sitaki, hata ikiwa bure.

Nasubiri jibu la maandishi hadi tarehe 31 Julai. Msinipigie kuniita tuje tuyaongee. Jibu likikosekana, suala la daktari nitalipeleka Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo lipo kwa Sheria ya mwaka 2017, na suala la kuuziwa kitu kwa jina la kingine nitalipeleka Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mteja mwenye risiti iliyoambatishwa.

Viambatisho: nakala ya risiti ya EFD, picha ya jino iliyopigwa Iringa.