Barua kwa binti yangu kabla hajasimama mbele ya jopo

Mama,

Huku Kibaigwa hatujambo, ila vumbi na upepo tu. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unasema wiki ijayo unawasilisha utafiti wako wa zabibu mbele ya jopo pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, dakika 15, kwa Kiingereza, na ukiwaza tu mate yanakauka. Huumwi, mama. Mwili ukiona macho mengi unadhani umekutana na simba: moyo mbio, pumzi inapanda juu kifuani, sauti inakonda. Mimi mpaka leo yananipata, na maiki za harusini nimeshika hadi nimesahau idadi.

Sijawahi kukuhadithia siku ya risala. Ulikuwa hujazaliwa. Kijiji kilinipa kazi ya kumsomea mgeni rasmi kwenye uzinduzi wa kisima. Nilikesha naandika maneno makubwa makubwa niliyoyaokota kwenye risala za watu. Nafika mwisho wa ukurasa wa kwanza, upepo ukabeba wa pili, ukaenda kutua kwa mama ntilie, karibu na sufuria la maharage. Mtoto akaukimbilia, na mimi pale mbele nakohoa kikohozi cha uongo. Kisima chenyewe nilikichimba kwa mikono hii. Nilijua tuligonga mwamba siku gani na nani aliumia mguu. Lakini sikupata hata sentensi moja, kwa kuwa yaliyokuwa kwenye ile karatasi hayakuwa yangu.

Miaka ile nilikuwa napeleka mbuzi mnadani Msalato kila Jumamosi. Kulikuwa na dalali mmoja, mfupi, sauti ya kawaida kabisa. Wenzake wanapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inasimama. Yeye anachagua mtu mmoja kwenye umati, anamtazama, anamtajia bei kama wanaongea wawili. Halafu ananyamaza. Hapo ndipo wengine wote wanasogea kusikiliza. Mwalimu Nyerere naye alikuwa hivyo: anauliza swali, anakaa kimya, watu wanaanza kujibu moyoni, ndipo anaendelea. Wewe ukimya unauogopa, unaujaza "eeh" na "yaani". Uache ukae.

Sasa hicho Kiingereza. Nadhani ndicho kinachokutisha kuliko jopo lenyewe. Kabla hujagusa slaidi hata moja, mpigie bibi yako umweleze utafiti wako wote kwa Kigogo. Yeye zabibu anazijua, amevuna misimu miwili kila mwaka tangu ujana wake. Akikuuliza "kwa hiyo?", hapo ndipo pana tundu, na jopo litaingia humo humo. Ukishaelewana na bibi, Kiingereza ni kutafuta maneno tu, na uchague mafupi.

Usianze na "utafiti huu unalenga". Uliniambia mwenyewe kwamba zabibu ikishachumwa haiivi tena, si kama embe au ndizi. Ilivyo siku ya kuchumwa ndivyo ilivyo, kinachobaki ni kuharibika. Basi anza na kreti la zabibu lililokaa juani kule Hombolo likisubiri gari. Mtu yeyote ataona tatizo kabla hujataja jedwali. Sentensi hiyo ya kwanza na ile ya mwisho zikariri kama sala. Za katikati andika vichwa tu kwenye kikaratasi kigumu, maana karatasi laini inatetemeka na kukuumbua.

Fanya mazoezi kwa sauti, umesimama, na viatu utakavyovaa siku hiyo. Jirekodi kwa simu. Utajichukia, kila mtu anaichukia sauti yake, usikilize hivyo hivyo. Mwenzako wa chumbani akae na saa. Zikizidi dakika 15, punguza maneno, usiongeze mwendo. Ukiitwa, shusha pumzi taratibu, ndefu kuliko ile uliyovuta, ndipo ufungue mdomo. Ukiulizwa usilolijua, sema hukulipima. Mama yako anasema niongeze kwamba unywe chai kwanza, kwa hiyo nimeongeza.

Bibi mpigie kabla ya saa 12 jioni. Baadaye anaizima simu kutunza chaji, na jana alishaanza kuuliza mbona mjukuu wake hapigi.

Baba yako