Risala ya Wanafunzi wa Radiografia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mahafali, Kampala

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu na kwa kuzivumilia foleni za Kampala mpaka kufika hapa. Sisi tunaosomea kupiga picha za ndani ya mwili tumependa kusoma risala hii kwa Kiswahili, lugha ambayo Baraza la Mawaziri liliipitisha kuwa rasmi mwezi Julai 2022, na ambayo tunaihitaji kila anapoletwa mgonjwa kutoka Kongo asiyejua Kiingereza wala Kiganda.

Mheshimiwa, risala za mahafali huomba mashine. Sisi leo hatuombi mashine. Tunaomba mahali pa kutunzia picha za wagonjwa, na tunakuomba subira tukueleze sababu.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale hospitali ya Mulago, aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto. Seli za uvimbe ule huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na dawa ikiukubali husinyaa upesi vilevile. Mama aliona mwenyewe kama mwanawe anapata nafuu. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa hapohapo Mulago mwaka 1967, ilianza na ugonjwa huo. Lakini uvimbe wa ini au wa mapafu jicho la mama haliufikii. Hapo tunategemea skani ya CT, yaani picha za eksirei zinazoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande, na skani moja peke yake haiwezi kusema kama dawa inafanya kazi. Daktari atauliza tu: ya mwanzo iko wapi?

Kanuni zinazotumika duniani kwa kazi hii, ziitwazo RECIST, zilitolewa mwaka 2000 na kurekebishwa 2009. Huchaguliwa sehemu zenye uvimbe zisizozidi 5, na zisizozidi 2 katika kiungo kimoja. Kila moja hupimwa kipenyo chake kirefu kwa milimita, isipokuwa tezi za limfu ambazo hupimwa kile kifupi, kisha vipimo hujumlishwa. Jumla ikishuka asilimia 30 kutoka ile ya mwanzo, dawa imeitikiwa. Ikipanda asilimia 20 kutoka jumla ndogo kuliko zote zilizowahi kuandikwa, na ongezeko likafika walau milimita 5, ugonjwa umesonga mbele, na mara nyingi dawa hubadilishwa.

Sasa chukua uvimbe uliokuwa na milimita 30. Msomaji mmoja wa picha anavuta mstari wake na kupata 36, mwenzake anapata 34. Wote ni mahodari, ila kingo za uvimbe zimefifia na kila mmoja amekata pale alipoona panafaa. Kwa kipimo cha kwanza, kilichofika ile asilimia 20, mgonjwa anaachishwa dawa. Kwa cha pili anaendelea nayo.

Hapa ndipo kompyuta inaposaidia. Programu huzifuata kingo za uvimbe kipande kwa kipande na kukokotoa ujazo wake wote, badala ya mstari mmoja. Kama uvimbe ni mviringo kama chungwa, kipenyo kikitoka milimita 30 hadi 33 ongezeko ni asilimia 10 tu, lakini ujazo umepanda kwa takriban asilimia 33. Badiliko ambalo mstari unalificha, ujazo unalitoa nje mapema.

Hatusemi kompyuta haikosei. Huweza kumeza mshipa wa damu uliopita kando ya uvimbe, au pafu lililosinyaa, na kuhesabu vyote kuwa saratani. Ndiyo maana lazima daktari wa rediolojia, yaani msomaji wa picha, akague mipaka iliyochorwa. Tena dawa za kuamsha kinga ya mwili huweza kuufanya uvimbe uonekane mkubwa zaidi kabla haujapungua, hata ikabidi mwaka 2017 kutolewa mwongozo wa pekee kwa wagonjwa hao.

Yote hayo, Mheshimiwa, yanasimama juu ya picha ya zamani. Asilimia 30 ya nini, kama skani ya kwanza imepotea? Mgonjwa hupewa filamu katika bahasha ya kaki, akapanda nayo bodaboda wakati wa mvua, kisha basi hadi Arua. Hata ikirudi salama, filamu ina vipande vichache vilivyochapwa, na programu haiwezi kurejesha ujazo kutoka humo. Inahitaji faili kamili za DICOM, yaani mfumo wa kuhifadhi picha za hospitali kwenye kompyuta, zenye vipande vyote na unene wa kila kimoja.

Programu zenyewe hazitusumbui. 3D Slicer, kwa mfano, hupatikana bure. Tunachokosa ni seva, yaani kompyuta kuu ya kuhifadhi picha, umeme wa akiba, na nakala ya pili itakayowekwa jengo jingine. Tunaomba pia utusemee kwa hospitali tunakofanyia mazoezi, zitupatie skani za zamani zilizoondolewa majina, kwa kufuata Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019, ili tujifunze kupima mabadiliko kwenye picha za wagonjwa wa hapa kwetu.

Makadirio ya gharama tumeyaambatisha nyuma ya nakala yako, na mwalimu wetu wa fizikia ya mionzi yuko tayari kujibu maswali baada ya chakula.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Radiografia