Kwa kaka yangu, kuhusu ile Seiko uliyoifungia

Kaka, salaam aleikum.

Mama ndiye aliyeniambia kuwa umeipiga picha ile saa ya Baba, ile Seiko, mbele na nyuma, ukamtumia mtu Dubai akupe bei. Dubai! Huko huko Baba alikoinunua aliposhuka melini na mshahara mfukoni. Sasa kwa vile meseji zangu husomi na simu yangu hupokei tangu ile harusi ya mwanao, naandika hapa, na wengine wanaopita wakasoma wanisamehe, haya ni maneno ya nyumbani yametoka mpaka barazani.

Unajua zilikuwa mbili. Zote Seiko 5, zote uso wa buluu na mkanda wa chuma, siku unaichagua uisome kwa Kiarabu au kwa Kiingereza, vile walivyokuwa wakizitengeneza za kuuzwa Ghuba. Moja Baba akaivaa siku ile ile, ya pili akasema hii ni akiba. Akiba ya nini hakusema, akafa hajasema, na wewe ukajijibia kwa niaba yake.

Ile ya kuvaa nikapata mimi kwa sababu hakuna aliyeitaka. Kioo kina mikwaruzo, mkanda umelegea, nikiinua mkono inateremka mpaka karibu na kiwiko. Naivaa kazini, naivaa nikikuna nazi, watu wananiuliza mbona umevaa saa ya kiume nawaambia ni ya kiume kweli, ina mwenyewe. Ya akiba ukachukua wewe na boksi lake na karatasi ya garantii na ile plastiki nyembamba ya mfuniko wa nyuma ambayo haijawahi kubanduliwa. Sikusema kitu. Wewe ni mkubwa, na karo yangu ya sekondari ulilipa wewe, sijasahau na sitasahau, hata nikikasirika vipi.

Lakini tuje kwenye ile siku maana sote tunaizunguka tu.

Mtoto ameshavishwa, kanzu, joho, kilemba, amefukizwa udi mpaka macho yanamtoka machozi. Nje dufu zinalia. Mimi ni shangazi yake, kumtoa mlangoni ni haki yangu, hilo hata wewe hulipingi. Saa ya akiba ilikuwa bado kabatini kwa Mama wakati ule, na Mama kwa mkono wake mwenyewe alinipa ufunguo akasema mvalishe ya babu yake. Kwa hiyo lile neno ulilosema kwa watu, kuwa niliichukua kinyemela, lifute. Nikaitoa. Nikaigeuza nyuma nikasoma namba, maana Seiko za zama zile tarakimu ya kwanza ya namba ni ile ya mwisho ya mwaka na ya pili ni mwezi, ikaanza na 98 kama yangu, yaani Agosti 1979. Pacha kabisa. Halafu ile saa haitiwi ufunguo kwa vidole, inataka kutikiswa, nikaitikisa ikasita, nikaitikisa tena na akrabu ya sekunde ikaondoka, Kaka, imelala miaka yote ile na ikaondoka! Mtoto alicheka kama vile alivyokuwa akicheka mdogo. Nikaizungusha mpaka siku ikaandika Ijumaa kwa Kiarabu, nikamfunga mkononi.

Ndipo ulipoingia. Mwanao hukumtazama usoni, ulitazama mkono. Ukamshika kifundo mbele ya wajomba zake, wapiga dufu wanachungulia mlangoni, ukaifungua ile klipu kwa pupa ikamng'oa vinyweleo, nikamwona anakaza midomo asiseme kitu. Halafu ukatoa kile kitambaa chako cha miwani ukaanza kupangusa. Ulikuwa unapangusa jasho la mwanao siku ya harusi yake. Na ukasema kwa sauti, "Nyinyi mnajua hii ni kitu gani?"

Akaenda msikitini mkono mtupu. Ile picha ya mkono wa nikaha, anapopeana mkono na baba mkwe, umeitazama vizuri? Ameivuta kanzu mpaka kwenye vidole. Mpiga picha hajui kwa nini, bibi harusi hajui. Mimi najua, na kila nikiiona kwenye simu ya Mama damu inanipanda upya.

Sasa usidhani sijui hoja zako. Nimekaa nikasoma, si wewe peke yako mwenye bando. Najua saa isiyovaliwa ikishavaliwa hairudi tena kuwa haijavaliwa. Najua stika ikibanduka imebanduka, na najua wakusanyaji wanaongeza hela kwa ajili ya boksi na karatasi na kesi, yaani lile gamba la chuma la saa, ambayo kingo zake hazijapigwa msasa na fundi yeyote. Hilo nakupa, ni kweli. Na ile plastiki ya nyuma mimi sikuigusa, ilikuwa imekaa pale pale mpaka uliponinyang'anya, kwa hiyo usiniwekee hesabu isiyo yangu.

Lakini mafuta yaliyomo ndani hayajui kama saa haijavaliwa. Yanakauka yenyewe, yanakuwa kama gundi. Mpira wa kuzuia maji unakuwa mgumu unapasuka, na sisi tunakaa Mombasa ambako chumvi iko hewani, bawaba za madirisha ya Mama zimebadilishwa mara ngapi? Umeweka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, vizuri, ila vikishashiba unyevu vimekuwa mapambo tu. Nilimuuliza fundi saa pale karibu na Marikiti, mzee mmoja mwenye lenzi jichoni kutwa, akaniambia ikae au ivaliwe ni lazima siku moja ifunguliwe, isafishwe, itiwe mafuta mapya, ukiitembeza na mafuta makavu vyuma vinakulana. Hapo utaruka useme unaona, kumbe uliitikisa kavu! Niliitikisa kwa ajili ya safari ya nyumbani mpaka msikitini na kurudi, Kaka, si kwa kwenda Zanzibar kwa mtumbwi. Na mwenzangu, lile neno la fundi linakukata wewe zaidi kuliko mimi. Ukitaka ibaki hai lazima ifunguliwe, na ikishafunguliwa si tena ile isiyoguswa. Usipoifungua, unachokihifadhi ni boksi.

Halafu hebu fikiria ni saa gani yenyewe. Seiko walipoitoa Seiko 5 mwaka 1963 walihesabu mambo matano: ijijaze yenyewe, siku na tarehe zikae kwenye dirisha moja, isiingie maji, kile kitufe cha pembeni kijifiche kwenye nambari 4, kesi na mkanda viwe imara. Dirisha liache. Yote yaliyobaki yanamzungumzia mtu aliyeivaa, anatoka jasho, anagonga kuta, ananawa udhu nayo. Inajijaza kwa mkono kuchezacheza. Kwenye sefu inajijaza na nini?

Ulikuwa unanitumia habari za minada zamani tulipokuwa tunaongea, basi leo nakurudishia moja. Ile Rolex Daytona ya Paul Newman, yule mwigizaji wa Marekani, iliuzwa New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Aliivaa yule mzee! Mkewe alimchongea maneno kwenye mfuniko wa nyuma amwambie aendeshe gari kwa uangalifu, maana alikuwa mtu wa mashindano ya magari. Halafu siku moja akampa kijana aliyekuwa mpenzi wa bintiye, kwa sababu kijana hakuwa na saa. Hivyo tu. Na yule kijana naye akaivaa.

Utasema Newman ni Newman na baba yetu alikuwa baharia. Sawa. Kwa yule mtu wa Dubai baba yetu si kitu, na ndiyo maana kwake hiyo saa ina thamani ikiwa haina alama ya mtu yeyote, wala jasho wala mkwaruzo. Anataka saa isiyo na baba wa mtu ndani yake. Mwache aitake, ni biashara yake. Sisi tumeingiaje huko? Mjukuu alitaka kitu kimoja cha babu yake ambaye hakukutana naye, babu aliyefariki kabla hajazaliwa, na tukamwambia ngoja tuulize bei.

Unakumbuka ni wewe uliyenifundisha kusoma saa? Baba amelala mchana, mkono umening'inia nje ya kitanda, na wewe unanishika kidole unaniambia kile kifupi ni cha saa, kile kirefu dakika, usipumue kwa nguvu atazinduka. Kwenye saa ya kuvaliwa tulijifunzia, maana ile nyingine ilikuwa kabatini na hatukuruhusiwa kuigusa. Sijui kwa nini nakwambia haya hapa mbele za watu.

Ile ya shamba la Kilifi sitaitaja. Ila na lile pia umelizungushia seng'enge na hakuna anayelima, minazi inadondosha nazi zinaoza chini, na ukiulizwa unasema bei ya ardhi inapanda. Haya, nimeitaja.

Mimi sitaki hiyo saa. Nasema waziwazi ili asije mtu akasema dada ana tamaa, saa ninayo, inanitosha, na nilichofanya siku ile ningefanya tena kesho asubuhi kwa sababu niliambiwa na mama yangu na mama yako. Yangu inakwenda kwa yule fundi Jumamosi, imeanza kukimbia mbele dakika kadhaa kwa siku. Lete na hiyo. Nitalipia zote mbili, na utakaa pale kwenye stuli uangalie mwenyewe akifungua, usije ukasema amebadilisha kitu. Akimaliza ukitaka kuiuza, iuze, ni mikononi mwako. Ila kabla hujamjibu mtu wa Dubai mpigie mwanao umuulize kwa mdomo wako kama anaitaka. Yeye hatakuuliza. Amenikataza hata mimi nisikuandikie, na kama unavyoona, nimeandika.